Kwa Nini Mama Mkubwa Hufunua Kikapu

Kwedizinga,
Jumamosi, tarehe 17 Mei.
Asubuhi mawingu. Manyunyu kidogo saa moja na nusu, hayakulowesha hata vumbi la uani. Kisha jua lisilo na nguvu. Upepo hakuna.

Mwanangu Rehema,

Unajua siku zangu zote huanza kwa tarehe na hali ya hewa, hata siku tuliyomzika baba yako, kwa hiyo usinicheke. Leo sikuandika ndani ya kaunta buku langu. Nimechomoa karatasi za katikati, nakuandikia wewe, na alfajiri nitazitia kwenye begi la kompyuta yako, mfuko wa pembeni unapoweka nyaya. Usizisome ndani ya basi. Zisome ukifika Dodoma, kabla ya Jumatatu.

Habari za kula, kulala na kuchagua marafiki siandiki. Una miaka thelathini na mbili, umekaa Dar es Salaam peke yako, umeandika programu za benki, hukunirudia na aibu hata siku moja. Ukisahau kula, njaa itakukumbusha.

Nakuandikia juu ya kichefuchefu. Nimetafuta neno la adabu zaidi tangu Alhamisi, sikulipata.

Alhamisi tulikaa uani tunachambua maharage, nikakuomba unieleze hiyo kazi mpya kwa namna nitakayoelewa. Ukanieleza vizuri, kama mwalimu. Utaongoza wahandisi wa programu tisa. Kampuni yenu inawatengenezea watu wa ulinzi mfumo wa mageti. Mtu akifika kwenye ghala, bandari au kambi, ataonyesha kitambulisho, kamera itamtazama, na askari ataona rangi kwenye skrini. Kijani, apite. Nyekundu, awekwe pembeni, apekuliwe, asubiri. Jumatatu wewe ndiye utakayetia saini kwamba mfumo uko tayari kwenda kwenye mageti ya kwanza.

Nikakuuliza, "Na majina ya hao wekundu yanatoka wapi?"

"Yapo, mama. Tumeyarithi kwenye mfumo wa zamani. Maelfu."

"Walifanya nini?"

"Hiyo sehemu haipo. Kuna jina, kuna namba, kuna rangi. Sababu hawakuandika."

"Mtu akitaka kutoka kwenye wekundu, anakwenda kwa nani?"

Ukacheka mpaka maharage yakamwagika. "Mama, wewe ungefaa kuwa kwenye timu yangu! Hilo ndilo swali la dada Neema." Ukanieleza kwamba Neema ni mhandisi mkubwa kwako kwa umri, anaijua kazi kuliko wote, na amegoma kuyahamisha yale majina mpaka aonyeshwe sababu ya kila moja. Kisha ukasema lile neno. Ulilisema huku unapuliza makapi, wala hukunitazama.

"Lakini sisi tunaandika tu, mama. Hatumkamati mtu."

Nikainuka, nikasema nakwenda kutazama sufuria. Jikoni hapakuwa na sufuria. Nilishika ukuta, mate yamenijaa mdomoni kama mtu mwenye mimba changa. Kilichonichefua si wewe kwanza. Nilikuwa nimeisikia sauti yangu mwenyewe ikitoka kinywani mwako, neno kwa neno, na nikaikumbuka na harufu iliyokuwa ikienda nayo.

Jana nikakusikia kwenye simu, nje ya dirisha langu. Sikutega sikio, wewe ndiye unayeongea na simu kama uko kisimani. Ulisema, "Huyo Neema ananichelewesha. Jumatatu nikifika, kabla ya yote, namhamishia kitengo kingine. Mchongo uende."

Basi hapo nikajua ni lazima niandike.

Umekua ukijua kwamba niliwahi kuwa karani kwenye shamba la mkonge upande wa Mnyuzi. Umezoea kunisikia nikilitaja kwa majivuno: kidato cha nne nilichomalizia Korogwe, mwandiko mzuri, msichana wa Kizigua mwenye meza yake na kiti chake wakati wenzake wanafunga matita ya mkonge juani. Sikukueleza nilichokuwa nikikiandika.

Nilikuwa karani wa geti. Wafanyakazi wote wa kiwandani walipita kwangu wakiingia na wakitoka. Nilikuwa na daftari kubwa lenye majina, nikaligawa kwa rula, mistari myekundu na ya buluu, safi kabisa. Meza yangu ilikuwa upande ambao upepo ulipuliza kutoka kwenye mashine ya kukamua majani, ile ambayo watu wa mashamba huiita korona. Maji yake ya kijani yalikuwa yakichuruzika mtaroni yakaoza humo, na harufu yake hukaa kwenye nywele hata ukizifua kwa ndimu. Nilivumilia harufu ile kwa sababu ya daftari. Nililipenda, Rehema. Jioni nikifunga kurasa zake nilijisikia nimeweka dunia sawasawa.

Ikatokea singa zikaanza kupotea, yaani zile nyuzi za mkonge zilizokwisha kukaushwa na kupigwa brashi. Mkuu wa ulinzi, tulimwita Afande Mdoe ingawa jeshi alikuwa ameliacha zamani, akaja dirishani kwangu asubuhi moja.

"Karani, nataka majina ya washukiwa."

"Afande, sina ninayemshuku."

"Sikukuuliza unamshuku nani. Ofisini wanataka orodha, na orodha haiendi ikiwa tupu. Nipe majina kabla ya saa sita. Watapekuliwa vizuri wiki moja, basi, yamekwisha."

Mtu mwingine angeandika maadui zake. Mwingine angekataa. Mimi, kwa ujinga wa mtu aliyesoma kidogo na kujipenda sana, nikatafuta njia ya haki. Nikasema sitamwonea mtu, sitampendelea mtu, nitahesabu. Nikaanza juu ya ukurasa wa kwanza nikishusha kidole, na kila jina la ishirini nikaliwekea nukta kwa kalamu nyekundu. Nikaona nimefanya jambo zuri sana. Usiku ule niliandika kwenye shajara yangu, ninayo hapa mezani: "Leo nimefanya kazi ngumu bila upendeleo."

Jina la arobaini lilikuwa la Mwanahawa.

Ndiyo, mama yako mkubwa Mwanahawa, huyu aliyekusuka tangu nywele zako zikiwa za vidole viwili. Tulitoka wote hapa Kwedizinga kwenda kutafuta kazi Mnyuzi, juu ya lori la mahindi, tumekalia gunia moja. Kambini tulilala chumba kimoja. Yeye alikuwa kwenye nyumba ya brashi, mimi getini. Kidole changu kilipofika kwenye jina lake kikasimama. Ningeweza kukisogeza mstari mmoja chini, hakuna ambaye angejua. Nikajiambia haki ni haki, nikambandika nukta, na nikajisifu kwa hiyo zaidi ya zote. Nilikuwa nimeushinda urafiki wangu! Leo nikiisoma sentensi ile kwenye shajara natamani kuitemea mate, na mate hayatoshi.

Nyuma ya geti palikuwa na kibanda cha bati. Wenye nukta waliingizwa humo wakati wa kutoka. Wanawake walipekuliwa na askari mmoja wa kike, mvivu, mwenye glavu moja tu ya mpira. Moja, Rehema, si jozi. Akimaliza mtu huyu anaingia huyu, na mwisho wa kazi anaitundika kwenye msumari ikauke kwa ajili ya kesho. Niliiona kila siku kutoka mezani kwangu, imening'inia, vidole chini. Nilijua inakwenda wapi na inatoka wapi. Nikapiga mistari yangu.

Baada ya upekuzi askari alinipigia kelele matokeo, nami nikaandika kwenye safu ya mwisho. Kwa Mwanahawa niliandika "hakuna kitu." Kesho yake, "hakuna kitu." Keshokutwa, "hakuna kitu." Wiki ile moja ikaisha, Afande Mdoe hakusema neno, nami sikumkumbusha. Ukurasa ukajaa, nikageuza, nikanakili majina, na nukta nikazinakili. Daftari likajaa, nikafungua jipya, nikanakili tena, na nukta zikahama na majina kama chawa wanavyohama na nguo. Sikiliza hapa, maana ndipo ninapojichukia kuliko popote: katika mstari mmoja, kwa mkono mmoja, nilikuwa nashuhudia kila jioni kwamba mwanamke huyu hana kitu, na kila asubuhi namtangaza kwamba ni wa kushukiwa. Macho yangu yalipita juu ya yote mawili hayakuona kasoro. Mistari ilikuwa imenyooka.

Kwa nini sikuifuta? Niliwaza, mara mbili tatu. Lakini ukiifuta nukta utaulizwa kwa nini umeifuta. Ukiiacha, hakuna atakayekuuliza chochote. Wewe unayeandika programu utakuwa unalijua jambo hilo kuliko mimi.

Na watu nao wakaizoea. Nukta niliyoiweka kwa kuhesabu ikaanza kujitafutia sababu yenyewe. "Yule anapekuliwa kila siku, bure?" Na wenye methali zao: lisemwalo lipo, kama halipo laja. Mwanahawa alitakiwa awe nyapara wa wanawake wa brashi, alistahili, mikono yake ilikuwa myepesi na alisikilizwa. Ofisi ikaleta swali getini: ana alama? Nikajibu kweli tupu, ndiyo, ana alama. Kazi akapewa mwingine. Usiku kambini akalia mgongoni mwangu, akaniambia, "Nani amenifanyia hivi? Kama ningemjua!" Nikamsugua bega nikamwambia asubiri kwa Mungu.

Nilikula naye siku zote zile, sinia moja. Mkono uliotoka kwenye kalamu ile ukaingia kwenye ugali ule.

Wakati huo nilikuwa nimepandishwa cheo. Nikapewa makarani watatu chini yangu, na hapo, mwanangu, ndipo habari yangu inapofanana na yako. Mmoja alikuwa Mzee Kibwana, amebakiza muda mfupi astaafu, mtu wa taratibu, miwani imefungwa kwa uzi. Siku moja tunahamisha majina kwenda daftari jipya, akaweka kalamu chini.

"Mama karani, huyu Mwanahawa alifanya nini?"

"Nakili tu, mzee."

"Nanakili. Ila nauliza alifanya nini."

"Mzee Kibwana, tunalo daftari zima hapa, na kesho asubuhi linatakiwa getini."

"Ndiyo maana nauliza leo," akasema. "Kesho litakuwa limeshafika getini. Naona hapa, hakuna kitu, hakuna kitu, hakuna kitu, kama wimbo wa watoto. Sasa nukta ya nini? Au ni urembo?"

Wale wengine wawili wakacheka, na mimi nikachemka. Sikuchemka kwa sababu amekosea. Nilichemka kwa sababu alikuwa amesimama mbele ya kitu nilichokijua, na wenzake wanatazama. Nikamwambia kwamba sisi tunaandika tu, hatumkamati mtu. Kesho yake nikamhamishia stoo ya mapipa, akahesabu mapipa ya dizeli mpaka alipostaafu. Hakulalamika. Alipokuja kuniaga alinipa mkono akasema, "Shika kazi, mama karani. Daftari lako ni safi sana." Nilidhani amenisifu. Ilinichukua miaka kuisikia vizuri ile kauli.

Baada yake hakuna aliyeuliza kitu tena. Nikasema, sasa nina timu nzuri, wanasikiliza.

Singa zilikuwa zinatoka na magari ya wakubwa, utakuwa umekwisha kubahatisha. Zilitoka geti kubwa, mchana kweupe, chini ya turubai. Yale magari hayakuwa na mstari kwenye daftari langu kwa sababu hakuna aliyeniagiza niyapigie mstari, na mimi nilikuwa mtu wa kupiga mistari niliyoagizwa. Ilipojulikana, wakubwa wawili wakahamishwa shamba jingine. Nukta zikabaki zilipo.

Mwaka wa tatu Mwanahawa hakungoja kuitwa kibandani. Alikuja dirishani kwangu jioni moja na kikapu chake, akakifunua kitambaa kabla sijainua macho. Akasema, "Tazama, basi. Tazama twende zetu." Ndani mlikuwa na kisu cha kumenyea na ganda la chungwa. Nikaandika hakuna kitu. Wiki ile akaacha kazi akarudi nyumbani. Mimi nikabaki mpaka nilipoolewa, nikakabidhi daftari kwa aliyenifuata. Sikufuta chochote. Nilimwachia mistari iliyonyooka na nukta zote mahali pake, na naye bila shaka akajiambia kwamba amezikuta.

Sasa unajua kwa nini mama mkubwa hufunua kikapu.

Umemwona akifanya hivyo tangu utoto wako. Hatoki kwenye nyumba ya mtu, iwe kwetu, iwe msibani, iwe zahanati, bila kusimama kizingitini na kukiinua kitambaa cha kikapu chake ili walio ndani waone. Ulipokuwa mdogo ulimwigiza, ukawa unatoka jikoni na kikapu cha kuchezea unakifunua, na mimi nikakuchapa, na hukujua kosa lako. Hukuwa na kosa.

Asubuhi ya leo amekuletea machungwa ya safari. Ameyamwaga yote kwenye beseni, kikapu kimebaki kitupu, akaaga, akasimama mlangoni akafunua. Ukamwambia, "Kwaheri yako nyingine hiyo, mama mkubwa! Kikapu kitupu unamwonyesha nani?" Akacheka na jino lake moja la mbele, "Desturi yangu, mwanangu. Wewe nenda kaongoze watu." Ukamweleza kwa furaha kazi yako, mageti, kamera, rangi. Nilikuwa namtazama yeye. Kicheko kilibaki usoni lakini mkono ulikwenda ukakifunua kitambaa mara ya pili. Wewe ulikuwa unaangalia simu.

Alasiri ulipokwenda kumuaga baba yako mdogo, Mwanahawa akarudi na karanga za kukaanga, alisema alizisahau. Nikamkalisha kwenye kigoda. Nikamwambia. Sikuzunguka, nilikuwa nimekwisha kulipanga kwa namba kichwani kama ninavyopanga kila kitu: ilikuwaje nikaombwa majina, nilivyohesabu, jina la arobaini, nilivyonakili. Nilipomaliza nikangoja anipige. Ningeshukuru.

Akatafuna karanga. Akatema ganda.

"Nilijua," akasema.

"Ulijua nini?"

"Nilijua ni wewe. Wewe uliweka nukta za mviringo, umezikoleza, kama unatia wanja. Karani wa kabla yako alama zake zilikuwa kama mavi ya nzi. Nilisimama dirishani pale miaka mitatu, Mama Rehema, ulidhani sina macho?"

"Na hukusema?"

"Ningesema nini? Nilikuwa nangoja useme wewe. Nikasema labda akiolewa. Nikasema labda akizaa. Nikasema basi labda akifiwa, watu wakifiwa husema mambo. Wewe hata mumeo amekufa hukusema!" Akanipiga paja, tena kwa nguvu. "Umechelewa kama basi la Handeni wakati wa masika."

"Kwa nini hukuniambia mimi nilikuwa sina cha kutosha cha kukuomba radhi?"

"Maneno gani hayo? Yaseme kwa Kiswahili."

Nikamshika mguu. Akauondoa. Akaanza kunisema kwa Kizigua, kwa sauti ya chini, muda mrefu, na hayo sikuandikii, ni yangu. Baadaye akachukua gunzi akalitupia kuku. Nikamuuliza kama nimsamehe — nimeandika vibaya, ona, nilimuuliza kama atanisamehe. Akasema, "Nilikwisha kukusamehe siku nyingi, ningekaaje na wewe jirani? Ila sikupendi kwa hilo. Hayo ni mawili."

Kisha akasema, "Mtoto anakwenda kufanya kazi ile ile?"

Nikasema inafanana.

"Anajua?"

"Hajui."

"Basi umenieleza mimi ninayejua, ukamwacha asiyejua. Karani wewe!"

Akainuka. Nikamsindikiza mpaka mlangoni, na nilijisikia mwepesi, nikifikiri sasa limekwisha, miaka yote ile nimeitua. Akafika kizingitini. Akageuka. Akakifunua kikapu.

Nikamwambia, "Mwanahawa, tafadhali. Leo usifunue. Si nimekwisha kukuambia?"

Akautazama mkono wake kana kwamba ni wa mtu mwingine. Akasema, "Mimi nimesikia. Mkono haujasikia."

Akaenda zake.

Nimekaa na neno hilo tangu alasiri. Nilidhani kosa langu lilikuwa kunyamaza, kwamba nikisema nitalitoa. Halitoki. Kuungama kwangu kumenisaidia mimi, yeye kumempa nini? Ningeweza kulitoa siku moja tu, asubuhi ile, kidole kikiwa juu ya jina la arobaini, kabla daftari halijafika getini. Baada ya hapo lilikwisha kuingia kwenye mwili wa mtu.

Sikuambii uache kazi. Nchi ina mageti na mageti yanahitaji watu. Nimewahi kuibiwa mbuzi, najua thamani ya mlinzi. Wala sijui kompyuta, pengine katika majina yale wamo wauaji wa kweli. Ndiyo iandikwe, basi, kwamba ni wauaji! Iandikwe nani alisema, na siku gani, na alama hiyo itakufa lini kama haina kitu. Jina lisiloweza kujibu hayo, kama ni la adui au la arobaini, utajuaje? Mimi nilikuwa na majina machache na nilikuwa naziona nyuso zao kila jioni, na bado sikuona. Wewe una maelfu na hutaona hata mmoja. Hutaona glavu. Glavu zenu hazitatundikwa mahali utakapozitazama, na hilo ndilo linanikosesha usingizi, kwamba kazi yako itakuwa safi kuliko yangu.

Nawe usiniambie kwamba orodha uliikuta. Na mimi aliyenifuata aliikuta. Kila mtu hukuta.

Jumatatu, kabla ya saini, mwite yule dada Neema. Usimwite mbele ya wenzake, mimi niliona aibu mbele ya watu na aibu ikanifanya mkatili. Mkae wawili. Mwambie akuonyeshe jina moja tu kati ya yale, lolote, na mlitafute mpaka mjue lilifikaje pale. Likiwachukua siku nzima liwachukue siku nzima. Wakubwa watapiga simu, waache wapige. Ukiona baada ya hapo kwamba saini inafaa, tia. Lakini usimpeleke Neema kwenye mapipa. Ukimpeleka utapata timu yenye kusikiliza, kama niliyopata mimi.

Nimetaka kukuandikia pia kwamba nakupenda, nikaona ningeanza na hilo usingesoma haya mengine kwa uzito wake. Nakupenda. Machungwa nimeyafunga kwenye mfuko wa kitambaa. Karanga ziko juu.

Siku utakayorudi likizo, umpitie mama mkubwa kumsalimu, ni njiani. Wakati wa kutoka kwake, sitaki useme chochote kuhusu haya. Simama tu kizingitini, ufungue begi lako la kompyuta, umwonyeshe yaliyomo, kama yeye anavyofanya kwetu. Ataelewa. Na wewe utasikia angalau mara moja jinsi mkono unavyokuwa.

Mama yako.

Nimemaliza saa saba kasoro dakika kumi usiku. Naongeza alfajiri: nililala saa tisa na robo.